Gy 50 zinaua uvimbe, kristali ya kimeng'enya inavumilia Gy milioni 30: inakuwaje?

Swali: Jambo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa labo huku Bukavu. Mama yangu mkubwa anatibiwa kansa ya mlango wa kizazi huko Kigali: Gy 50 (Gy, grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mafungu 25, yaani dozi ndogo za kila siku. Jirani amemuuzia vidonge vya "kurudisha vimeng'enya vilivyounguzwa na mionzi". Lakini kwenye biokemia tumefundishwa kwamba umbo la kimeng'enya hupatikana kwa kupiga kristali yake eksirei, na kristali hupokea mamilioni ya Gy. Kama Gy 50 zinaunguza vimeng'enya vya mtu, kristali inaponaje? Na tukitaka kulionyesha jambo hili hapa kwetu kwa katalasi (kimeng'enya kinachovunja maji oksijeni), tuanzie wapi?

Jibu: Jambo ndugu. Nianze na mama mkubwa, maana vidonge vyake haviwezi kungoja somo liishe. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini. Kikimezwa, tumbo na utumbo hukikata vipande kama protini nyingine yoyote ya chakula, na hakuna kinachofika ndani ya seli kikiwa kizima. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitamini C na E ambazo mara nyingi huchanganywa humo kwa wingi. Hizo hunyonya radikali (vipande vikali vya molekuli vinavyoshambulia vingine) zilezile ambazo munganga anazihitaji ndani ya uvimbe. Huko Québec wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo walipewa vitamini E wakati wa mionzi na baada yake. Matokeo yalichapishwa 2005: katika kipindi cha kumeza vitamini hiyo, walipata kansa mpya zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Avipeleke vidonge hivyo, pamoja na boksi lake, kwa munganga anayesimamia mionzi, na asimeze kingine kabla ya kupata jibu. Ikiwa anapewa pia sisplatini, dawa ya kansa, kama ilivyo kawaida kwa kansa hiyo, figo zake tayari zina kazi ya kutosha.

Sasa neno "kuunguza". Gy 1 ni jauli 1 ya nishati kwa kila kilo ya mwili. Gy 50 zote, hata zikitolewa kwa mara moja, zingepandisha joto la nyama kwa nyuzi 0.012 tu. Ngozi inayokuwa nyekundu na kuchubuka haikupikwa. Seli zake za chini, zile zinazogawanyika ili kujaza tabaka la juu, zimekufa au zimesimama.

Kazi kubwa inafanywa na maji. Mionzi inayapasua na kuzaa radikali ya hidroksili, karibu mikromoli 0.28 kwa kila jauli. Fungu moja la Gy 2 linatoa basi mikromoli 0.56 kwa lita. Seli ina protini gramu 200 hivi kwa lita. Tukichukua uzito wa wastani wa daltoni 50,000, hiyo ni milimoli 4 kwa lita. Hata kama kila radikali ingegonga protini, zingeguswa chini ya molekuli moja katika kila 7,000 kwa siku. Ukweli uko chini zaidi, maana glutathioni, kinga ya seli yenyewe, inazikamata nyingi njiani, na si kila pigo linazima kazi ya kimeng'enya. Zaidi ya hayo, seli hubomoa protini zake na kuunda nyingine, baadhi kila baada ya saa chache, nyingine kila baada ya siku kadhaa. Hakuna upungufu wa kujaza kwa vidonge.

ADN (DNA), inayobeba jeni, haina nafasi hiyo. Kila jeni ina nakala mbili tu, moja ya baba na moja ya mama. Gy 2 zinakata uzi mmoja wa ADN mara 2,000 hivi katika kila seli, na hayo hurekebishwa kwa urahisi kwa sababu uzi wa pili bado unaonyesha kilichokuwepo. Tatizo ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja: mara 40 hadi 80 kwa Gy 2. Ncha zikiunganishwa vibaya, kromosomu inapoteza kipande, na seli inakufa inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana uvimbe haunyauki siku ileile. Seli iliyokwisha kuhukumiwa inaendelea kula sukari na kutengeneza protini kwa siku kadhaa, vimeng'enya vyake vikiwa kazini.

Mafungu 25 yanatokana na hapohapo. Seli zenye afya hutumia saa zinazofuata kurekebisha, na sehemu kubwa ya kazi inaisha ndani ya saa 6 hivi. Seli nyingi za kansa hurekebisha vibaya zaidi. Anayekosa siku nyingi katikati kwa sababu ya mpaka au nauli anaipa kansa muda wa kuota upya, kwa hiyo familia ipange makao Kigali kabla ya fungu la kwanza.

Kristali nayo ni habari nyingine kabisa, na ilikuwa haki yako kushangaa. Ya upande wa milimita 0.1 ina trilioni kadhaa za nakala za kimeng'enya kilekile, na picha tunayopata ni wastani wa zote. Haiulizwi kama kila nakala iko hai. Inatosha kama nyingi zina umbo linalofanana. Tena iko kwenye mkondo wa gesi ya nitrojeni kwa kelvini 100, yaani nyuzi 173 chini ya sifuri. Maji yake yameganda kama kioo, kwa kawaida kwa msaada wa gliseroli asilimia 20 hadi 30, na radikali ya hidroksili haiwezi kutembea humo. Bila baridi hiyo uvumilivu unashuka mara kumi kadhaa.

Lakini kupona haiponi. Mpaka unaotumika tangu 2006 ni Gy milioni 30, ambapo nguvu ya madoa ya eksirei, yale yanayotupa picha, imeshuka hadi asilimia 70 hivi. Na muda mrefu kabla ya hapo sehemu fulani zimekwisha kuharibika, kwa sababu elektroni zinatembea hata kwenye baridi ile. Metali hubadilika kwanza, kisha madaraja ya disulfidi (salfa mbili zilizoshikana) hukatika, kisha asidi amino za aspartati na glutamati hupoteza kaboni dioksidi. Angalia orodha hiyo: metali na asidi hizo mbili ndizo hukaa mara nyingi kwenye kitovu cha kazi cha kimeng'enya. Kwa hiyo mkipakua umbo kutoka Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini ambayo ni bure, someni halijoto ya kipimo, kisha pimeni umbali kati ya salfa mbili za kila daraja. Angstromu (kipimo cha umbali kati ya atomu) 2.05 ni daraja zima; ikikaribia 3, kuna uwezekano mkubwa mnatazama jeraha la eksirei, msiliandikie nadharia.

Kwa njia hiyo ya kristali tulijua pia mfuko wa PARP-1, kimeng'enya kinachokimbilia ADN iliyokatika. Olaparibu, dawa ya kansa iliyoidhinishwa 2014, inaingia mahali pa nikotinamidi, sehemu ya NAD ambayo kimeng'enya hicho hutumia, na kushikwa na glisini 863 na serini 904. PARP-1 inabaki imeng'ang'ania kwenye mkato na kuzuia ukarabati. Si dawa ya kawaida ya kuambatana na mionzi ya mama mkubwa.

Jaribio lenu sasa. Msitumie masini ya radiografi ya hospitali: picha ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu ya Gy, hamtaona kitu, na chumba kile si cha majaribio. Tengenezeni radikali kwa chuma na maji oksijeni (hidrojeni peroksidi). Na hapo katalasi haifai, kwa sababu itayala maji oksijeni yenyewe kabla radikali hazijazaliwa. Chukueni amilasi ya mate, kimeng'enya kinachovunja wanga.

Bafa iwe fosfati milimola 10, pH 6.8, na chumvi ya mezani milimola 10, kwani amilasi inataka kloridi. Tris, bafa nyingine ya kawaida, inameza radikali, iacheni. Wekeni salfeti ya chuma II iliyoyeyushwa saa hiyohiyo, mikromola 100, ikiwa imechanganywa tayari na EDTA (kemikali inayoshika metali) kiasi kilekile. EDTA ikizidi itanyang'anya amilasi kalsiamu yake na mtadhani ni radikali. Maji oksijeni yaingie mwisho, milimola 1: yale ya farmasi ya volumu 10 yana karibu mola 0.9, kwa hiyo punguzeni mara 900. Chuma hicho kinaweza kutoa radikali kama za Gy 350 hivi, si zaidi sana. Baada ya dakika 10, zimeni kwa tone la katalasi. Hapa ndipo inapofaa.

Fanyeni kwa mate yaliyopunguzwa mara 20, mara 200 na mara 2,000, kisha yote yafikisheni mara 2,000 kabla ya kupima kwa wanga asilimia 0.1 na iyodi, ambayo huwa bluu wanga ukiwepo. Yale yaliyokuwa mepesi zaidi wakati wa kupigwa ndiyo yatapoteza sehemu kubwa zaidi ya kazi, kwa sababu radikali ni zilezile na walengwa ni wachache. Jambo hili mtafiti Dale alilionyesha kwa eksirei na vimeng'enya tangu miaka ya 1940. Kila safu iwe na mrija mmoja usio na chuma, mmoja usio na maji oksijeni, na mmoja wenye manitoli milimola 50, ambayo inakamata radikali. Ule wa manitoli ukiharibika sawa na mingine, kosa liko kwenye EDTA au pH. Maelekezo mengi yanaongeza vitamini C ili chuma kizunguke. Kwenu isiingie kabisa, inaondoa rangi ya iyodi, na mtaandika kwamba wanga umeisha wakati bado upo.