Kila Nikifungua Barua za Baba, Kompyuta Inataka Kupiga Simu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia kompyuta ya Pentium yenye Windows 95. Barua pepe zake zote zimo kwenye Eudora, nami nataka kuzihamishia kwenye laptopu yangu kwa WS_FTP, programu ya zamani ya kutuma mafaili niliyoikuta humo humo. Nimeweka kadi ya mtandao, na Internet Explorer inaiona laptopu bila shida. Ila nikifungua Eudora kwanza, linaruka dirisha la Trumpet Winsock, modemu isiyo na hata waya inataka kupiga simu, na WS_FTP nayo inagoma. Nikianza na WS_FTP, zote mbili zinatulia. Nimeshabadilisha kadi mara mbili. Shida nini?
Kijana wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Hiyo kadi ya pili irudishe dukani kama wataipokea, maana haina kosa. Jibu umelitaja mwenyewe uliposema "nikianza na".

Windows 3.1, iliyotangulia hiyo 95, ilikuwa haijui kuongea na intaneti. Uliiwekea programu ya kampuni nyingine ikaongea kwa niaba yake, na kila kampuni ilikuwa na njia zake. Mwaka 1993, mwezi Januari, likatoka toleo la 1.1 la makubaliano ya Winsock: programu yoyote ikitaka mtandao, iite faili moja tu, WINSOCK.DLL. Wazo zuri kabisa. Lakini basi kila mtengenezaji akawa anakuja na WINSOCK.DLL yake, jina lile lile, matumbo mengine. Ile ya Trumpet, iliyounganisha intaneti kwa kupiga simu kwa modemu, aliitengeneza Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Ilikuwa ya kujaribu kwanza kisha ulipe, na wengi wetu, Mungu atusamehe, tuliishia kwenye kujaribu. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ikaja na WINSOCK.DLL yake pia. Bila shaka baba yako alihamia huko na vyombo vyake vya zamani.

Ni kama nyumba ya kupanga yenye Juma wawili. Ukiita "Juma!" anaitika aliye karibu, na akishaitika ndiye Juma wa nyumba nzima mpaka jioni. Eudora inatafuta kwanza ndani ya folda yake, na naamini humo kuna nakala ya Trumpet. Ikishaingia kwenye kumbukumbu, WS_FTP ikija kuomba WINSOCK inapewa hiyo hiyo. Ukianza na WS_FTP, ambayo folda yake haina nakala, inachukuliwa ile ya C:\WINDOWS na Eudora inairithi. Internet Explorer haiguswi kwa sababu ni ya biti 32, yaani ya kizazi cha Windows 95, yenyewe inaita WSOCK32.DLL. Hizo mbili zako ni za biti 16, za kizazi cha Windows 3.1.

Sasa kazi. Washa mashine upya na usifungue Eudora, kwa sababu faili likiwa linatumika halikubali kubadilishwa jina. Fungua My Computer, View, Options, chagua Show all files, la sivyo Windows itakuficha mafaili ya DLL. Kisha Start, Find, tafuta winsock.dll kwenye C: yote. Kila utakalolipata, libofye kwa kitufe cha kulia, Properties, uangalie Version kama ni la Microsoft. Lile la C:\WINDOWS likiwa la Microsoft, liache. La kwenye folda ya Eudora, na la Trumpet popote lilipo, lipe jina winsock.tru.

Nimesema libadilishe jina, sikusema ulifute. Mwaka 1998 nilifuta, ofisini kwa mteja mmoja hapa Dar, kwa haraka ya kuwahi daladala, na nililofuta ndilo lililokuwa zima. Saa tatu usiku bado tunatafuta sidii ya Windows kwenye droo za watu.

Ukikuta hata lile la C:\WINDOWS si la Microsoft, nalo lipe jina jingine. Kisha weka sidii, fungua dirisha la MS-DOS na uandike hivi, ukiweka herufi ya kisoma sidii chako badala ya D:

EXTRACT /A D:\WIN95\WIN95_02.CAB WINSOCK.DLL /L C:\WINDOWS

Washa upya, fungua Eudora kwanza kwa makusudi, halafu WS_FTP. Dirisha la Trumpet lisipotokea, umemaliza.

Kwa barua zenyewe, wala huihitaji Eudora. Zimo kwenye mafaili yenye mwisho wa MBX, IN.MBX zilizoingia na OUT.MBX zilizotoka, na ni maandishi ya kawaida tu. Zifungue kwa WordPad. Notepad ya Windows 95 ikikutana na faili kubwa inakataa. Lakini usihamishe MBX peke yake. Eudora hutoa picha na viambatisho vingine ndani ya barua na kuviweka pembeni, kwa hiyo beba folda nzima. Na kwenye WS_FTP, kabla ya kutuma, weka alama kwenye Binary. Ukiacha ASCII, ambayo ni ya maandishi tu, barua zitafika salama, ila picha za baba zinaweza kufika zimeharibika.