Anaziba masikio harusini, nyumbani hachoki na wimbo mmoja
Dada, nimekuelewa: mwanao wa miaka 6 mwenye usonji hulia na kuziba masikio harusini, ilhali nyumbani hurudia wimbo mmoja kutwa bila kukosea sauti, nawe unauliza kama umzuie muziki. Usimzuie. Mambo hayo hayapingani, kwani baadhi ya watu wenye usonji hung'amua tofauti ndogo mno za sauti, na hata Leo Kanner, daktari aliyeieleza hali hii mwaka 1943, aliwataja watoto waliokariri nyimbo kwa namna ya ajabu. Kinachomtesa harusini ni spika, vigelegele, jenereta na mazungumzo kumjia kwa pamoja, asiweze kupunguza hata kimoja.

Mimi na mwanangu mwenye usonji hufika kabla muziki haujaanza, tukakaa mbali na spika; tumekubaliana ishara ya kutoka, na akiitoa tunatoka bila mjadala, hata shangazi zake wakinuna. Vizuia kelele vinasaidia, ila asivivae siku nzima, maana huenda akazidi kusumbuliwa na sauti za kawaida. Nyumbani, mwachie yeye mwenyewe kupandisha na kupunguza sauti, nawe umwekee kikomo cha juu.

Jihadhari na wanaouza muziki kama dawa ya usonji: utafiti wa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 katika nchi 9, haukuonyesha kwamba tiba ya muziki ilipunguza dalili kuliko huduma za kawaida pekee. Akianza kujipiga kichwa, kushika sikio moja au kutoitika aitwapo, mpeleke kwa daktari wa masikio apimwe usikivu.