Acheni kupulizia katuni pafyumu, wanangu

Wiki hii nimeona tena. Dogo kaja Ngamiani hapa Tanga na Sani za zamani, yale majarida ya katuni, kazipanga vizuri kwenye mifuko, kabandika na stika ya gredi ya hali ya kitabu kajipa mwenyewe, 8.0 kati ya 10, alafu unafungua mfuko unapigwa na bodi spreyi ya kiume mpaka machozi yanakutoka. Namuuliza ulikuwa unaficha nini, anacheka. Ukinusa karibu na mgongo, pale kwenye pini, chini ya ile spreyi koga imejaa tele.

Nawapenda lakini mnanichosha, kila msimu ni mambo yale yale. Kwa hiyo naandika mara moja, atakayerudia nitamtumia hii na simpokelei simu.

1. Kabla hujaiondoa harufu, jua imetoka wapi. Koga maana yake kitabu kilikutana na maji au kilikaa kwenye unyevu. Naftalini, basi kililala kwenye sanduku la kanga za mama wa mtu. Mafuta ya taa, kuna mzee alikuwa anapambana na mchwa akapaka rafu nzima. Moshi, angalia kingo za kurasa kama zimepiga kahawia. Mkojo wa panya, vaa barakoa na uangalie kona zilizotafunwa, maana panya hakojoi akaondoka hivi hivi bila kuonja. Ila ile harufu tamutamu ya kitabu kikuu msiigombeze, hiyo ni karatasi yenyewe inazeeka. Zile katuni zimechapwa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ni mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, na lignini ikivunjika inatoa vitu kama vanilini, ndo maana pua inasikia vanila kwa mbali. Ikigeuka kuwa kali kama siki na kona inamegeka ukiikunja hapo ni asidi imeshakula, usijisumbue na dawa ya harufu, shughulika na kukihifadhi kisiishe.

2. Kuna wanaoniambia "pua haina gredi bro". Sawa, tuongee. Skeli mnaijua, 0.5 mpaka 10, ile wanayotumia CGC, kampuni ya kupima katuni na kuzipa gredi kule Florida, Marekani, tangu 2000, na namba mtu anayopewa kwa sehemu kubwa inatokana na macho: kona, mgongo, pini, madoa, rangi ya kurasa kuanzia nyeupe mpaka zile zilizokauka zinavunjika. Lakini hebu niambie hiyo harufu ya koga imekuja yenyewe? Imekuja na mstari wa maji pembeni, imekuja na vidoa vya kahawia, imekuja na kutu ya pini, na vyote hivyo jicho linaviona na vyote vinakata pointi. Na ukisema utaosha kwa dawa ili kitabu kinukie vizuri, wale wakigundua wanakihesabu kimefanyiwa ukarabati, unapata lebo ya zambarau na bei inaanguka. Alafu tuwe wakweli, wangapi hapa tunatuma Florida? Sisi tunauziana mkono kwa mkono, hakuna kasha la plastiki kama lile CGC wanalofungia kitabu, la kuzuia pua ya mtu. Mnunuzi mwenye akili anafungua katikati, ananusa, ndo anauliza bei.

3. Udi. Hapa kaeni vizuri maana hii inaniuma mpaka leo.

Nilipata Pangani fungu la zile hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, za miaka ya 60 na 70, kwa familia moja ambayo mzee wao alikuwa amefariki. Zilikuwa sandukuni chini ya kitanda, nyumba haiko mbali na mto. Majalada yapo, kurasa zimetimia, hakuna aliyekata kuponi wala kuchora masharubu. Tatizo koga tu, na haikuwa kali, ya kuanikwa kivulini siku kadhaa ikaisha. Sasa mimi na haraka zangu, nishampigia mnunuzi wa Nairobi, nishamtumia picha, nikasema nguo si zinafukizwa? Nikachukua chetezo cha mke wangu na udi wake ule wa harusi bila kumuomba, nikapindua tenga juu yake, nikatandaza vitabu vimefunguka. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Mkinga, akapita uani akasimama akaniangalia, akauliza, "Baba, hivyo vitabu vinaolewa lini?" Nikacheka naye nikaendelea kupepea mkaa.

Kwanza joto. Kurasa za chini zikakauka upande mmoja zikaanza kujikunja, nikazigeuza nikaharibu na upande wa pili. Pili moshi, udi mzuri una mafuta, yale mafuta yakakaa kwenye karatasi, ukipitisha kidole inanata kidogo, na kwenye karatasi ya gazeti kitu kama hicho hakifutiki. Tatu, na hili ndo lililonimaliza, jioni ile nikavitia kwenye mifuko vikiwa bado vya moto, na hewa ya Tanga jioni mnaijua, nikaziba na selotepu, nikapanga kwenye boksi, boksi nikaliweka sakafuni limeegemea ukuta wa nje. Ilikuwa Machi. Nikachanganya humo humo na Sani zangu safi ambazo hazikuwa na kosa lolote, eti nafasi.

Masika ikashuka. Karatasi inanyonya unyevu wa hewani muda wote, na hewa ikishapita asilimia 65 hivi ya unyevu koga inaanza kuota, sasa masika huku kwetu hewa inakaa chini ya hapo lini? Udi hauui koga. Niliifunika tu, nikaifungia ndani na maji yake.

Mnunuzi akaja Juni. Nikaleta boksi kwa mbwembwe, nikafuta na meza. Akatoa cha kwanza akafungua katikati kabisa, pale kwenye pini ya chini, na mimi nimeinama naangalia naye. Kuizunguka pini kuna duara la kutu, jekundu, limepenya kurasa nne, kila ukifunua linapungua kidogo. Na kwenye mkunjo, juu mpaka chini, unyoya wa kijivu. Harufu ikatoka, udi mbele koga nyuma. Hakusema kitu, akasugua kidole gumba na cha shahada, akatafuta pa kujifutia, nikampa tishu. Akasema taratibu, "Kaka, hiki kilikuwa kizuri." Kilikuwa. Bora angenitukana. Akapitia vingine kwa heshima, na Sani zangu nazo zishaambukizwa, akafunga boksi. Alichonunua Tanga siku ile ni machungwa ya Muheza.

Mke wangu mpaka leo akikosa kitu chochote ndani anauliza kama nimekifukizia vitabu.

4. Kitabu kipya kikiingia ndani, kinuke kisinuke, kikae peke yake kwanza, usikipeleke kwa wenzake siku hiyo hiyo.

5. Dawa ya harufu nyingi ni kivuli, upepo na subira: simamisha kitabu kimefunguka kidogo, feni kwa mbali, na kazi hiyo ifanyeni Januari na Februari kaskazi ikivuma. Juani hapana, jua linapausha jalada na kuigeuza karatasi njano, na najua kuna mtu ameanika juu ya bati sasa hivi, kashushe.

6. Iliyobaki, tumieni ndoo yenye mfuniko. Chini bakuli la mkaa mkavu au bekingi soda, juu yake waya au tenga dogo, vitabu juu, visigusane kabisa na mkaa. Mkaa uliotengenezwa maalum kwa kunyonya harufu unafanya kazi kuliko huu wa jikoni, ila wa jikoni nao ukikauka vizuri na ukaufunga kwenye kitambaa usitoe vumbi unasaidia. Vile vipakti vya kwenye viatu vipya vinanyonya unyevu, msivitupe. Acha wiki kadhaa, badilisha mkaa, acha tena. Ndiyo, wiki kadhaa. Mnasubiri mechi ya Coastal mwezi mzima hamlalamiki.

7. Mfuko wenyewe unaweza kuwa ndo unanuka. Ile plastiki laini ya PVC inatoa gesi yake na asidi, tafuteni polipropilini, mwenye hela anunue Mylar, ile plastiki ya poliesta. Na naftalini msiweke humo hata punje, harufu yake kutoka ni kazi kuliko koga.

8. Friza inaua wadudu, koga inalala tu. Na yule aliyeniuliza kuhusu mashine ya ozoni ya kule wanakosafisha magari: inakula karatasi, usithubutu.

9. Boksi lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje. Nishasema, sirudii.

10. Ukiuza andika harufu kama unavyoandika mchaniko. "Naftalini kidogo, pini safi" ni sentensi fupi, na mnunuzi aliyeambiwa mapema anapunguza bei kidogo, aliyegundua mwenyewe haji tena na anawaambia wenzake.

11. Pua yako usiiamini. Ukikaa na vitabu chumba kimoja unazizoea harufu zake, husikii kitu. Fungia kitabu kwenye mfuko siku mbili, kisha mpe mtu asiyehusika afungue anuse hapo hapo. Mimi nampelekea jirani yangu fundi cherehani, hajui katuni na hataki kuzijua. Ananusa, akikunja uso narudisha kwenye ndoo. Juzi nimempelekea kimoja ambacho mimi naapa kimepona kabisa, akanusa mara mbili akanirudishia, akasema hiki kimekaa karibu na ng'onda, wale samaki wa kukausha. Nimekipigia hesabu, kweli, yule aliyeniuzia mke wake anauza ng'onda sokoni. Kimerudi kwenye ndoo.