Usiliharakishe Jino la Utotoni

Binti yangu alipokuwa na miaka 6, gego lake la mwisho la utotoni upande wa chini lilitoboka na kumkosesha usingizi, nami nikaomba ling'olewe, kwa kuwa niliamini kwamba jino ambalo litang'oka tu halistahili kuhangaikiwa. Sikujua kwamba lilikuwa limebakiwa na miaka 4 au zaidi ya kulishikia nafasi jino la kudumu linalokua chini yake, maana magego hayo kwa kawaida hung'oka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12.

Katika umri huo wa miaka 6 ndipo huota gego la kwanza la kudumu, nyuma kabisa ya meno ya utotoni na bila jino lolote kung'oka, hivyo wazazi wengi hulidhani kuwa ni la utotoni. Likikuta pengo mbele yake, huliegemea na kulijaza. La binti yangu lilisogea polepole bila maumivu yoyote, na zamu ya jino lililokuwa likisubiri ilipofika, likachomoza upande wa ulimi. Alifungwa waya miaka 2.

Kwa hiyo, jino la utotoni likioza, uliza kwanza kama linaweza kutibiwa na kuvishwa kofia. Ikiwa halina budi kung'olewa, uliza siku hiyo hiyo kuhusu kishika nafasi, yaani pete ya chuma inayovishwa jino la jirani, yenye waya unaovuka pengo. Ningepewa nafasi ya kurudi nyuma, swali hilo ndilo ningeliuliza.

Chunguza pia jinsi meno yanavyokutana. Mwambie mtoto aume kwa meno ya nyuma, kisha mfunue midomo: ya juu yanapaswa kuyafunika ya chini kwa nje, pande zote. Taya la chini likiteleza kando anapofumba, au meno ya mbele yakiacha uwazi kwa sababu ya kunyonya kidole, mpeleke kwa daktari kabla ya kutimiza miaka 8, wakati mifupa ya taya ingali ikikua na kurekebishika kwa urahisi.

Si kila kasoro ni ugonjwa. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu katika umri wa miaka 8 mara nyingi hujifunga wenyewe chonge za kudumu zinapoota, karibu na miaka 12, na hapo kusubiri ndiyo tiba.