Baba mdogo, hatukutapeliwa

Baba mdogo, shikamoo. Swali lako nimeliona, na kwa kuwa ndugu wa Nkuhungu na Ipagala wameniuliza hilohilo pembeni, najibu hapa wote wasome. Mmeona picha ya vitu vyetu vimerundikwa kando ya barabara huku Coventry, mkashtuka: pesa mmelipa, mkataba mmesaini, mbona mko nje? Mmetapeliwa?

Hapana. Ila siku ile ilikuwa ngumu na sitaki kuipamba.

Kwetu Dodoma mtu akinunua kiwanja Iyumbu au Nala, anakaa na muuzaji na mashahidi wao mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, pesa inahesabiwa, watu wanasaini, kesho tofali zinashushwa. Huku England mnunuzi na muuzaji wanaweza wasikae meza moja hata siku moja. Kila mmoja ana wakili wake. Kwanza mawakili wanabadilishana mikataba. Hapo unatoa malipo ya awali, mara nyingi asilimia 10 ya bei, na siku ya kukabidhiana inapangwa. Kabla ya hapo yeyote anaweza kujitoa. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilitutoka hivyo, na pesa ya mkaguzi haikurudi. Baadaye ndiyo inakuja siku yenyewe: pesa yote iliyobaki ifike kwa wakili wa muuzaji, ndipo funguo zitoke.

Shida iko kwenye mnyororo. Aliyetuuzia alikuwa ananunua kwa mwingine siku hiyohiyo, na huyo naye ananunua kwa mwingine. Pesa inapanda kuanzia kwetu sisi tusio na nyumba ya kuuza, lakini watu wanahama kuanzia juu. Kama foleni ya kioski cha maji: wa mbele asipoondoa ndoo yake, wewe wa nyuma hata uwe na hela mkononi utasubiri.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo wengi huku huichagua ili wapate wikiendi ya kupanga vitu. Nyumba ya kupanga tulitakiwa tuwe tumeirudisha saa sita mchana. Benki iliyotukopesha ilikawia. Pesa ilifika kwa wakili wetu saa tano, akaituma mbele, ikaingia saa nane kasoro kidogo. Moyo ulikuwa mdomoni, kwa sababu kwenye mikataba mingi mwisho ni saa nane mchana. Ukipita hapo unahesabiwa umelipa siku ya kazi inayofuata, na unaweza kudaiwa riba. Tukafikiri yamekwisha. Dalali akasema hatoi funguo mpaka wakili wa muuzaji apige simu. Tukienda kwenye nyumba, muuzaji tunamwona dirishani bado anafunga maboksi, maana na yeye funguo za anakohamia hajapewa.

Dereva wa gari la mizigo alikuwa na kazi nyingine, akashusha kila kitu: friji, godoro, mfuko wa unga, na kile kinu alichonipa mama. Ndiyo picha mliyoiona. Binti yetu alikaa juu ya godoro amevaa koti la mvua, kila mlango anauliza kama ndio wetu. Simu ilikuja karibu saa kumi na moja jioni.

Na kuna waliopata makubwa kuliko sisi. Tarehe 18 Julai 2024 mfumo wa malipo wa CHAPS, unaoendeshwa na Benki Kuu ya Uingereza na kupitisha pesa nyingi za nyumba, ulikwama, na benki hiyo ikatangaza kwamba baadhi ya manunuzi ya nyumba yangechelewa. Mnunuzi akishindwa kabisa kulipa hupewa notisi, kwa kawaida siku 10 za kazi, na zikiisha anaweza kupoteza ile asilimia 10. Utapeli wenyewe pia upo: mwizi anakutumia barua pepe akijifanya wakili wako, eti akaunti imebadilika. Sisi hatukutuma hata pauni moja kabla ya kumpigia wakili kwa namba aliyotupa siku ya kwanza.

Sasa lile gumu, baba mdogo, nalisema kwa heshima. Tangu picha ya funguo ifike huko, maombi yameongezeka, kana kwamba tumetajirika. Tumeingia deni la miaka 30. Nyumba ndiyo dhamana, na tukishindwa kulipa benki inaichukua. Huko msingi unaweza kukaa miaka mitatu ukisubiri tofali na hakuna anayekugongea mlango. Hapa hakuna mwezi wa kupumzika. Bati za nyumba ya bibi nitachangia kama nilivyoahidi, ila kidogokidogo, na fundi aambiwe hivyo mapema asije akapanga siku ya kupaua.

Na wewe binamu unayetaka kuuza kiwanja cha Iyumbu ili uje ununue nyumba huku: usiuze. Benki za huku zitataka kwanza kuona kazi yako, viza yako, na jinsi ulivyolipa madeni yako hapa. Pesa ya kiwanja peke yake haitoshi. Lipa kodi ya pango la ardhi, fuatilia hatimiliki, weka hata chumba kimoja na choo. Ukikwama kwenye gharama za hati niambie, hapo nitajibana.