Tabora hadi Kigoma na mama mwenye goti bovu

Dada, umeuliza ndege ya Tabora hadi Kigoma inachukua muda gani, maana unasafiri na mama mwenye goti bovu. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350, na ndege ya mapangaboi huruka kwa saa moja au pungufu kidogo. Kwa reli ni zaidi ya 400, kwa hiyo hapo mpe ndege.

Ila kinachomchosha mgonjwa ni ngazi, wala si anga. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi. Mimi nilisahau, mama yangu alipanda ngazi moja moja, kanikamata mkono, jua la saa nane utosini. Mwombee kiti cha njiani anyooshe mguu, na dawa zake ziwe mkobani.