Mdogo wangu mwalimu, watakuona umefulia, na utaishi

Mdogo wangu, nimeisoma habari yako mara mbili. Ajira ina miaka miwili, chumba chako kina godoro, meza na jiko la gesi, na ofisi nzima ya walimu inakushangaa kwa nini hujachukua mkopo "uanze maisha". Umeuliza kama mtumishi anaweza kuishi kwa kiasi mjini bila watu kumwona amefulia. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana njia hiyo ya mkopo nimeipita.

Watakuona umefulia. Mimi waliniona hivyo, na wapo wanaoniona hivyo mpaka leo. Hilo lijue mapema, lisije likakukuta katikati ya safari ukarudi nyuma.

Nafundisha sekondari Morogoro mjini. Mwaka 2019 nilichukua milioni 12 kwa miezi 84. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa laki saba na sabini hivi. Ukitoa PSSSF (mfuko wetu wa pensheni), bima ya afya, kodi, chama cha walimu, na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, mkononi nilikuwa napata karibu laki tano. Baada ya mkopo nikabaki na laki mbili na nusu na ushee, yaani theluthi ya mshahara wa msingi ambayo sheria inataka mtumishi abakiwe nayo. Theluthi ile iliwekwa itulinde. Sisi tumeigeuza ndiyo mshahara wenyewe, na anayekukopesha anakupigia hesabu mpaka mguu ugonge hapo.

Hela ilikwenda wapi? Sofa za kona, milioni mbili na laki nne. Runinga ya inchi 50. Kabati la vyombo la vioo. Nikahama chumba na sebule nikaenda nyumba ya kujitegemea Kihonda, laki na nusu kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mpigo. Zilizobaki ziliyeyuka kwenye shughuli za watu: kichen pati ina sare yake, sendofu ina sare yake, harusi ina yake, na kila sare ina fundi na viatu vyake. Nina vitenge vilivyovaliwa siku moja tu, na picha za siku hizo hata sizifungui.

Mwaka 2021 kodi ya nyumba ilipoisha sikuwa na kitu. Nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu. Alinipa laki tatu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, dhamana ikawa kadi yangu ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatangulia yeye kwenye mashine, anachukua elfu tisini yake ya riba, kisha ananipigia simu nikachukue kadi nitoe kilichobaki na kumrudishia. Miezi saba nimeomba ruhusa ya kugusa mshahara wangu mwenyewe. Piga hesabu: riba peke yake ilikuwa laki sita na thelathini, na ile laki tatu ilikuwa palepale.

Siku niliyokwenda kumaliza deni, alivuta droo akatoa bunda la kadi zilizofungwa kwa mpira. Akazipekua moja moja kama anayegawa karata. Kila kadi ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe, juu yake jina la kwanza na namba ya siri kwa kalamu ya bluu. Majina mawili niliyatambua, ni wa shule ya jirani, watu ninaowaona wamependeza kila Jumatatu. Nikachukua yangu, nikakaa kwenye jiwe nje ya duka lake nikiibandua ile plasta kwa kucha, na gundi yake haikutoka vizuri mpaka kadi ilipokwisha muda.

Hela ya kumlipa niliipata kwa kuuza sofa. Milioni mbili na laki nne ilirudi laki saba, na mnunuzi alilalamika kwamba kitambaa kimepauka. Nilihuzunika, sitakudanganya. Mwanangu alikuwa na miaka sita, alisimama sebuleni akauliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia tutakaa nao mkekani. Hakuridhika na jibu lile, na mimi vilevile. Tukahamia vyumba viwili karibu na shule, elfu sitini, nikaacha na nauli ya bodaboda maana sasa natembea.

Vitu kumbe ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwa watu. Kwenye kikundi cha harusi ya binamu yangu niliandika hivi: "Sare sitanunua, naomba mniwie radhi. Mchango wangu ni elfu thelathini, na siku ya shughuli nitafika alfajiri niwasaidie jikoni." Kikundi kilinyamaza saa nzima. Halafu shangazi akanipigia, akasema nimeitia aibu familia. Alikaa karibu mwaka mzima hanipokei vizuri. Nilikwenda alfajiri ile, nikamenya vitunguu na akina mama, nikakaa kwenye picha za familia na gauni langu la kijani kati ya watu waliovaa sare ya dhahabu. Kuna rafiki mmoja nilimpoteza moja kwa moja na bado namkumbuka.

Ila michango sikuiacha, na hapa sikubaliani na waliokushauri ujitoe kwenye vikundi vyote. Msiba naenda na changu. Mgonjwa namtazama. Kuishi kwa kiasi kusikufanye bahili. Mimi nilikata kile nilichokuwa nanunua ili nionekane na watu ambao hata chai hatujawahi kunywa pamoja, na tangu nikikate ndipo nimeweza kumlipia mdogo wangu wa damu ada ya chuo cha ufundi, VETA.

Lingine nililojifunza limetoka kwa wazazi. Baba alikuwa mwalimu tangu enzi za Azimio la Arusha, na nilipomweleza uamuzi wangu nilidhani atafurahi, aseme, "Mwanangu amerudi kwenye maadili yetu." Akatikisa kichwa. Akasema, "Sisi hatukuchagua. Maduka yalikuwa matupu." Akanisimulia foleni za sabuni na sukari za mwanzoni mwa miaka ya 80, na mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walivyokuwa wakitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Baadaye ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, madukani kukaonekana vitu, na mama akaanza kujaza kabati lake sahani moja moja.

Tangu siku ile nimeacha kulisema vibaya kabati la mama. Mtu aliyewahi kukosa hata sabuni ya kuogea mtoto ana haki ya kutazama sahani zake nyuma ya kioo na moyo ukatulia. Langu mimi halikuwa na sababu hiyo. Mimi nililinunua kwa mkopo kwa sababu mwenzangu wa ofisini alikuwa nalo. Kwa hiyo usiende kijijini Krismasi hii kuwahubiria wazee wako kwamba vitu havina maana. Wao wanajua ukosefu, wewe unachagua, na anayechagua ana bahati.

Mama alinipa sahani sita kutoka humo nilipohama. Mbili zilikuwa bado zina kibandiko cha dukani, miaka yote hiyo. Nilizilowesha maji ya moto, jioni tukazilia wali na maharage pale mkekani, na mwanangu akaomba yake iwe ile yenye maua mekundu.

Makato ya benki bado ninayo, yamebaki ya miezi michache, na kila mwezi yananikumbusha sofa ambayo iko sebuleni kwa mtu mwingine. Wewe huna hayo. Slipu yako iko safi, kasoro Bodi ya Mikopo. Ofisa wa benki akija na fomu ya mkopo mwambie hujafikia uamuzi, na ukiona aibu kumwambia mbele ya wenzako, mfuate nje.

Kuhusu friji uliyoiulizia: kama unahitaji kutunza chakula ili usipike kila siku, nunua, ndogo, kwa hela mkononi. Mimi yangu niliipata kwa mchezo. Tuko walimu kumi, elfu thelathini kila mwezi, na anayepokea anataja mbele ya wenzake atakachofanyia. Zamu yangu ijayo ni Novemba. Nimeshataja mabati.